Kazi Hutolewa Nje, Dhamana Haitolewi

Viungo bandia vya nyonga na goti huuzwa kwa majina ya kampuni chache kubwa, ilhali sehemu nzuri ya kazi ya kuvitengeneza hufanyika katika viwanda ambavyo mgonjwa hajawahi kuvisikia. Kitovu cha biashara hii ni mji wa Warsaw, jimbo la Indiana, Marekani. DePuy ilianzishwa huko mwaka 1895, Zimmer mwaka 1927 na Biomet mwaka 1977. Pembeni yao vimekua viwanda vya mkataba vinavyosubu aloi ya kobalti na kromu, kufua titani, kung'arisha na kuchonga vyombo vya upasuaji. Ufungashaji na uuaji wa vijidudu navyo mara nyingi hukabidhiwa wengine. Utaratibu huo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kazi ikitoka nje, dhamana nayo imetoka.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja. Mtaalamu wa kazi moja huifanya vizuri na kwa bei nafuu, na bei zimebanwa kweli: India iliweka ukomo wa bei za magoti bandia mwaka 2017, na zabuni ya kitaifa ya China ya mwaka 2021 ilishusha bei za nyonga na magoti kwa wastani wa asilimia 82. Hayo yote ni kweli, na hayajibu swali la nani anakagua.

Swali hilo liliibuliwa na kisa cha Exactech, kampuni ya viungo bandia ya Gainesville, Florida. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilianza kuondoa sokoni vipande vya poliethilini vinavyokaa kati ya vyuma vya goti, na Februari 2022 ikapanua hatua hiyo. Tangu 2004, vingi vya vipande hivyo vilifungwa katika mifuko iliyokosa tabaka la ziada la kuzuia oksijeni. Oksijeni huichakaza plastiki ingali ghalani. Ikishawekwa mwilini huweza kulika upesi, kupasuka na kusababisha mfupa kumomonyoka, na mgonjwa akarudishwa kwenye upasuaji.

Hapo ndipo penye uzito. Daktari wa upasuaji hawezi kuona tabaka lisilokuwepo, na madhara hujitokeza baada ya miaka. Kwa hiyo mahali pa uhakika pa kuikamata kasoro ni mezani pa kupokelea mifuko, kabla kipande hakijatiwa ndani. Wala hapakuhitajika uvumbuzi: vipimo vilivyokiukwa vilikuwa vya kampuni yenyewe. Kilichotakiwa ni kuchukua sampuli na kuilinganisha na karatasi ya vipimo hivyo. Kanuni za ubora za Marekani za mwaka 1996 tayari zilimtaka mtengenezaji kuwapima wazabuni wake na kuthibitisha anachopokea. Miaka 17 ya mifuko isiyofaa haielezwi kwa bahati mbaya. Nani aliitengeneza mifuko hiyo ni jambo la mkataba kati ya wafanyabiashara. Mgonjwa aliuziwa jina la Exactech.

Oktoba 2024 kampuni hiyo, ikikabiliwa na kesi zaidi ya 2,000, iliomba kinga ya kufilisika. Akiba ilibaki kwenye vitabu vya kampuni, hasara ikabaki gotini mwa watu. Mdhibiti anapaswa kudai matokeo ya vipimo vya kila shehena ya malighafi ambayo kasoro yake haionekani kwa macho. Cheti cha mzabuni peke yake si ushahidi wa ubora.