Ukipiga kambi kando ya maji, usimwachie mwenyeji ugonjwa

Likizo za Aprili, Agosti na Desemba zinapofika, watu wengi wa mijini hufunga mizigo na kwenda kupiga kambi. Vijana wa makanisa, wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi na hata jamaa nzima huondoka Nairobi, Nakuru au Mombasa na mahema yao, wakitafuta hewa safi na mahali pasipo na kelele za matatu. Na karibu kila kundi huvutiwa na mahali pa namna moja: kando ya maji. Huenda Naivasha, Baringo, ufuoni mwa Ziwa Victoria, au kwenye kingo za mito kama Tana na Ewaso Ng'iro.

Kama daktari, sina ugomvi na safari hizi. Kutembea, kulala mapema na kuwa mbali na moshi wa magari ni mambo yenye manufaa kwa mwili na akili. Ugomvi wangu ni na wazo moja linalobebwa pamoja na mahema hayo, yaani kwamba mahali pasipo na nyumba, bomba wala choo ni mahali safi, na kwamba hatari ya porini ni simba na nyoka peke yao.

Ukweli ni kwamba anayelala kando ya ziwa au mto anapaswa kuyahofia maji kuliko anavyomhofia simba. Tena maji hayo yana wenyewe. Kilomita chache kutoka hema lako kuna mama anayechota maji ya kupikia. Unachokiacha mtoni leo ndicho atakachokunywa mtoto wake kesho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji aharishe.

Kambi isiyo na choo

Kambi za namna hii ni nyingi kuliko tunavyodhani. Hata katika mbuga zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ziko kambi maalumu ambazo hazina choo wala bomba. Mgeni huonyeshwa mahali pa kusimamisha hema, basi. Nje ya mbuga hali ni hiyo hiyo: kundi hupata ruhusa ya mwenye shamba, au hukosa hata ruhusa, likalala ukingoni.

Sasa fikiria watu 30 wakikaa hapo siku tatu. Kila mmoja huenda kichakani, na kwa kuwa anataka kunawa baadaye, huchagua kichaka kilicho karibu na maji. Mvua moja tu ikinyesha, kila kitu huteremka mtoni. Kipindupindu, homa ya matumbo, amiba na ugonjwa wa ini wa aina ya A huenea kwa njia hiyo hiyo: kinyesi cha mtu mmoja kuingia kinywani mwa mwingine.

Wako watakaouliza kama ng'ombe, viboko na ndovu hawachafui maji hayo kila siku. Kweli wanayachafua, na hiyo ni sababu moja ya kutoyanywa bila kuyachemsha. Lakini kipindupindu na homa ya matumbo haviletwi na ndovu. Ni maradhi ya binadamu, na huletwa na binadamu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ulifika katika kaunti nyingi, Nairobi ikiwamo. Tena watu wengi walioambukizwa kipindupindu hawahisi chochote, nao huendelea kutoa vijidudu kwa siku kadhaa. Mgeni kutoka mjini anaweza kuupeleka ugonjwa mahali ambapo haukuwapo, naye akarudi nyumbani mzima kabisa.

Dawa yake ni jembe. Mtu mmoja na achimbe shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, angalau hatua 70 kutoka ziwani, mtoni au kwenye kijito kilichokauka, kisha alifukie vizuri. Kundi kubwa na lichimbe shimo moja refu zaidi baada ya kukubaliana na mwenye mahali, liache udongo kando na jembe lake, na kila anayetoka afunike. Nepi za watoto na taulo za hedhi hazifukiwi wala hazitupwi majini. Zifungwe katika mfuko zirudi mjini.

Sabuni nayo isiingie mtoni. Teka maji kwa ndoo, sogea mbali na ukingo, oga na uoshe vyombo huko.

Maji maangavu si maji safi

Watu wengi huyapima maji kwa macho. Yakiwa maangavu na yanatiririka juu ya mawe, huyanywa. Jicho haliwezi kuona vijidudu vya homa ya matumbo. Maji ya mto wa mlimani yanayong'aa yanaweza kuwa yamepitia zizi la ng'ombe na kambi ya watu wengine kabla ya kukufikia.

Njia ya kuaminika kuliko zote ni kuchemsha. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, yaache yatokote dakika moja nzima. Ukiwa mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama sehemu za Aberdare, yaache dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajawa moto wa kutosha. Ukitumia dawa ya klorini, kwanza yachuje maji yenye tope kwa kitambaa safi, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Mtu akianza kuharisha mkiwa mbali na hospitali, msingoje mpaka alegee. Mpeni maji yenye chumvi na sukari yanayouzwa katika pakiti. Kama hamna pakiti, tieni katika lita moja ya maji yaliyochemshwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, na anywe kidogo kidogo. Choo kikiwa kama maji ya mchele, au kikiwa na damu, vunjeni kambi mkamwone daktari.

Konokono wa ziwani

Kichocho ndicho ugonjwa ambao mpiga kambi hubeba bila kujua. Katika Ziwa Victoria upo ule wa matumbo. Katika sehemu za Pwani na bonde la Tana upo ule wa kibofu, unaomfanya mtu kukojoa damu. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wadogo wanaokaa kwenye maji matulivu yenye majani. Jua likipanda, vimelea hutoka katika konokono, huogelea wakimtafuta mtu, na hupenya ngozi yake katika muda wa dakika chache. Huhitaji kuyanywa maji hayo. Inatosha kusimama ndani ukiosha sufuria.

Baada ya hapo huenda ngozi ikawasha siku moja au mbili, kisha mtu asahau. Wiki nne hadi sita baadaye hushikwa na homa, kikohozi, maumivu ya tumbo na uchovu. Wakati huo amekwisha rudi kazini, na hakuna anayekumbuka ziwa. Hutibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, na haponi. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ipo, lakini huua minyoo iliyokomaa na si michanga. Kwa hiyo anayeimeza siku ya kurudi nyumbani anaweza kubaki na ugonjwa, na mara nyingi hulazimu kupimwa na kutibiwa wiki kadhaa baadaye.

Kinga ni kutoogelea wala kuoga katika maji hayo. Maji ya ziwa ya kuogea yachemshwe au yahifadhiwe katika ndoo safi kwa siku mbili, kwa kuwa vimelea visivyompata mtu hufa kabla ya muda huo kwisha.

Na hapa pia mgeni ana deni. Konokono hazaliwi na kichocho. Huambukizwa na mayai yanayotoka katika kinyesi au mkojo wa mtu mgonjwa. Kila anayejisaidia majini anaweza kuwa anawalisha konokono ugonjwa ambao watoto wa kijiji watarudishiwa.

Mbu na usubi

Nairobi malaria si nyingi, na ndiyo sababu aliyekulia huko hana kinga mwilini ya kupambana nayo. Hata mzaliwa wa Kisumu aliyeishi Nairobi miaka mingi hupoteza sehemu ya kinga yake. Usiku mmoja bila neti ufuoni mwa Ziwa Victoria unatosha. Hema lenye tundu, au ambalo mlango wake hufunguliwa jioni nzima watu wakiota moto, si neti. Beba neti yenye dawa, vaa nguo za mikono mirefu jua linapozama, na jipake dawa ya kufukuza mbu. Wajawazito na wenye watoto wadogo wamwone daktari kabla ya kusafiri, wala si baada ya kurudi.

Baringo ina jambo lake. Huko kuna kalaazar, ugonjwa unaovimbisha wengu na kumkondesha mtu, nao huua usipotibiwa. Huletwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu asiye na sauti, anayependa kujificha katika vichuguu na nyufa za ardhi. Kwa hiyo usisimamishe hema karibu na kichuguu, hata kama kivuli chake ni kizuri. Dalili zake huweza kuchukua miezi kujitokeza.

Mahali pa kusimamisha hema

Viboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na hurudi kwa njia zile zile. Agosti 2018 kiboko alimwua mtalii kutoka Taiwan kando ya Ziwa Naivasha, na mvuvi mmoja aliuawa huko huko wakati huo. Ukiona njia iliyokanyagwa ikishuka ziwani, usilale juu yake, na usikae kati ya kiboko na maji. Penye mamba, usiteke maji kwa kuinama mahali pamoja kila siku.

Maji yenyewe nayo hutembea. Machi 2010 Ewaso Ng'iro ulifurika ukabomoa kambi za watalii huko Samburu. Mwaka 2012, na tena 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu katika korongo la Hell's Gate. Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo zake katika Maasai Mara, na wageni wakaokolewa kwa helikopta. Mvua huwa imenyesha mbali, kwako jua linawaka, na mto unakuja usiku. Mchanga wa laga ni laini kulalia, lakini ni kitanda cha mto. Panda juu.

Wajibu wa viongozi

Nimeyasema haya yote kwa mtu mmoja mmoja, lakini lawama kubwa si yake. Kijana wa miaka 17 aliyelipa nauli kwa mwalimu au mchungaji hana habari ya konokono. Anayekusanya fedha ndiye anayepaswa kujua. Kabla hajapokea hata shilingi moja, aweze kujibu maswali manne: Tutajisaidia wapi? Tutakunywa nini? Tutalala umbali gani kutoka maji? Na mtu akiugua usiku, hospitali iliyo karibu ni ipi, na gari litakalompeleka ni lipi? Asiye na majibu hayo hajapanga safari. Amekodi basi tu.

Wazazi nao wayaulize maswali hayo bila haya. Serikali za kaunti zisimpe mtu kibali cha kupokea wapiga kambi kando ya maji pasipo choo cha shimo kilichochimbwa mbali na ukingo. Na pale ambapo mbuga inataka pori libaki pori, kila kundi lionyeshe jembe lake langoni kama linavyoonyesha tikiti. Jembe, sufuria na chupa ya klorini havimfilisi mtu.

Sisi madaktari tuna letu pia. Mgonjwa akija na homa, tumwulize alilala wapi miezi iliyopita. Nawe msomaji, usingoje kuulizwa. Ukishikwa na homa wakati wowote katika miezi mitatu baada ya safari, taja ziwa au mto uliokwenda kabla hujataja dawa ulizokwisha kununua dukani. Neno hilo moja huweza kukuokoa wiki nzima za matibabu yasiyo yako.