Ahadi za kampuni za teknolojia ziwekwe kwenye sheria

Mhariri,

Ahadi ni deni, na kampuni kubwa za teknolojia zina madeni mengi kwetu.

Machi 2021, Facebook, ambayo sasa ni Meta, ilichapisha sera ya kuheshimu haki za binadamu. Lakini vijana wa jijini Nairobi waliouchujia mtandao huo picha za mauaji na ukatili, wakiwa wameajiriwa kupitia kampuni ya wakala, walilazimika kwenda mahakamani kulalamikia malipo duni na madhara ya kiakili. Meta ilijitetea kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa iliikataa hoja hiyo. Anayeheshimu haki kwa dhati hakimbii mahakama za nchi ambako kazi yake inafanyika.

Google nayo iliahidi mwaka 2018, baada ya wafanyakazi wake kupinga mradi wa jeshi la Marekani, kwamba haitatengeneza akili mnemba kwa ajili ya silaha. Februari 2025 iliiondoa ahadi hiyo. Kanuni inayoweza kufutwa na aliyeiandika haimlindi mtu yeyote.

Naliomba Bunge letu litunge sheria itakayomfanya mwenye mtandao awajibike kwa wafanyakazi wa wakala wake, na kuwahakikishia malipo ya haki na ushauri nasaha. Vijana wetu wanabeba uchafu wa dunia nzima ili wengine waperuzi kwa amani. Wanastahili ulinzi wa sheria.

Msomaji,
Nairobi.