Chaguo-msingi la Fonti Si Suala la Mafundi Pekee

Jina Wabera, linalomkumbusha Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyeuawa mwaka 1963, huandikika kwa fonti yoyote ya Kilatini. Majina mengine ya wadi hiyo ya mji wa Isiolo hayana bahati hiyo. Humo hukutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Na Kimeru kiandikwapo kikamilifu huhitaji ĩ na ũ.

Wanaopanga tasnifu kwa mfumo wa LaTeX aghalabu huiacha fonti ya Computer Modern, iliyobuniwa na Donald Knuth, kama walivyoikuta. Katika usimbaji wake wa awali, fonti hiyo haina ĩ iliyo herufi moja. Mfumo huchukua i isiyo na nukta, kisha ukapachika alama juu yake. Jicho halioni kasoro. Hata hivyo, neno hilo haliwezi kukatwa ipasavyo mwishoni mwa mstari, na likitafutwa katika faili la PDF huenda lisipatikane. Jina limechapwa, ilhali msomaji akilitafuta halipo.

Yamkini itadaiwa kwamba Kiswahili hakihusiki, kwa kuwa herufi zake ni zile zile za kawaida. Dai hilo lina upungufu. Kwanza, Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa, na mtafiti wa tendi hawezi kunukuu miswada kwa fonti isiyo na hati hizo. Pili, tasnifu za Kiswahili zimejaa majina ya watu na mahali kutoka lugha jirani.

Wengine watatetea usawa: kila tasnifu ifanane na nyingine. Usawa ni jambo jema, mradi usipatikane kwa kuyakata majina ya watu. Tangu Jonathan Kew alipotoa XeTeX mwaka 2004, kubadili fonti ya matini ni kazi ya mistari miwili mitatu mwanzoni mwa faili. Gentium ina ĩ na ũ. Scheherazade ina hati za Kiarabu. Zote hutolewa bila malipo.

Basi idara za Kiswahili ziandae kiolezo kimoja chenye fonti hizo, na wanafunzi wakikute tayari. Chaguo-msingi ni uamuzi uliofanywa na mtu mwingine kwa mahitaji yake. Wanaodai kuitumikia lugha ya Afrika Mashariki hawana budi kufanya uamuzi wao wenyewe.