Dakika Mbili za Mnara wa Unguja

Msafiri aliyeketi katika ndege ndogo iendayo Pemba, akiliona dege kubwa la Ulaya limekwisha ruka na njia i tupu, hughadhibika kwa kucheleweshwa. Ilhali muongozaji aliye mnarani, kwa kumzuilia dakika mbili, amemhifadhi na kisulisuli kisichoonekana ambacho mbawa za dege lile zimekiacha hewani, nacho chaweza kuipindua ndege nyepesi. Hata ruhusa itokapo, sharti rubani aikariri kwa sauti, ili kosa likiwapo lisikike kabla halijawa msiba. Uwanja wetu una njia moja tu, wakubwa kwa wadogo huishiriki. Basi twawasihi wenye mashirika, pamoja na haraka zao za ratiba, wasimhimize muongozaji huyu kupunguza hata nukta moja.