Anayetuelekeza Njia Hajui Majina Yetu

Mtu anayealikwa harusini Kimilili au matangani Chwele siku hizi haulizi njia. Husema tu, "Nitumie lokesheni," na mwenyeji, aliyekuwa amekwisha kujiandaa kueleza habari za mvule mkubwa na duka lenye mabati mekundu, hunyamaza akabonyeza simu yake. Badiliko hili limeingia kimyakimya katika muda usiozidi miaka kumi na mitano, na kwa kuwa limeingia kupitia garini na simuni, tumewaachia mafundi walijadili. Mimi ni mwanaisimu, na ninadai kuwa ni suala la lugha kama lilivyo suala la mitambo.

Historia ya mitambo yenyewe si ndefu. Mwaka 1981 kampuni ya Honda ya Japani iliuza kifaa kilichohisi mgeuko wa gari na kuonyesha safari juu ya ramani iliyochapishwa kwenye karatasi angavu. Mwaka 1985 kampuni ya Etak ya California ikaleta chombo kilichohifadhi ramani zake katika mikanda ya kaseti. Vyombo hivyo havikuuliza mbingu chochote. Vilipima mwendo na mgeuko, kisha vikakisia gari limefika wapi, kama nahodha asiyeona nchi kavu anavyokisia kwa mwendo na dira. Setilaiti za mfumo wa GPS zilikuwapo, kwani Marekani ilianza kuzirusha mwaka 1978, lakini zilikuwa mali ya jeshi. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Muungano wa Kisovieti na kutunguliwa. Watu wote 269 waliokuwamo walikufa. Baada ya msiba huo Rais Ronald Reagan alitangaza kuwa mfumo huo ukikamilika, raia wa dunia nzima wataruhusiwa kuutumia.

Ulikamilika mwaka 1995, ila raia walipewa ishara iliyovurugwa makusudi, yenye kosa lililoweza kufika mita mia moja hivi. Mita mia moja katikati ya mji wa Kitale zinatosha kumtoa mtu sokoni na kumweka mtaa mwingine kabisa. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Bill Clinton ilikomesha uvurugaji huo. Mwaka 2005 Google ikatoa ramani zake, na kufikia 2009 simu ya mkononi iliweza kumwambia dereva, kona kwa kona, ageukie wapi. Kinachofanyika ni hesabu: kila setilaiti, ikiwa zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, hutangaza saa yake, simu hupokea walau nne, hupima jinsi ishara zilivyochelewa, kisha hujua ilipo.

Sisi tuliongozwa na nini? Utingo wa matatu ya Kitale kwenda Bungoma huita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, Kanduyi, na abiria akisikia wito huo mara mbili tatu anakuwa na ramani kichwani. Waliokulia upande huu watakumbuka kuwa Webuye haikuhitaji kibao. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilijitangaza kwa harufu kabla bomba lake la moshi halijaonekana, tangu miaka ya 1970 hadi kiliposimama mwaka 2009. Msafiri aliyesinzia aliamshwa na pua yake. Eldoret kuna Maili Nne, jina linaloendelea kuhesabu maili ingawa nchi nzima inahesabu kilomita. Hata Eldoret yenyewe wazee huiita Sisibo, yaani sitini na nne, nambari ya shamba ambamo mji ulijengwa.

Sasa tuitazame sarufi ya maelekezo. Mwenyeji wa Sirisia akikuelekeza hutumia kiambishi -ki- bila kuchoka: ukivuka daraja, ukiona kanisa, ukipita posho mill upande wa mkono wa kushoto, hapo uliza kwa Mzee Wekesa. Ni masharti yaliyofungamana, na kila sharti linakutaka ufungue macho. La mwisho linakutaka ufungue kinywa. Mashine husema, "Baada ya mita mia nne, geuka kulia." Haikutaki uone kitu wala umsalimu mtu.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo walimu wa Kiswahili watalitambua mara moja. Lugha yetu ina mahali pa namna tatu: pa-, ku- na m-. Nyumbani pake ni hapo hasa. Nyumbani kwake ni eneo lisilo na mpaka ulio wazi, pamoja na watu na mambo yao. Nyumbani mwake ni ndani. Setilaiti inajua pa- peke yake. Lokesheni ni nukta. Lakini "kwa Wekesa" si nukta hata kidogo: ni boma, shamba, kijito cha kuteka maji, majirani, na njia ya miguu inayopitika kiangazi ilhali masika haipitiki. Mama mja mzito akizidiwa usiku huko Cheptais, dereva wa ambulensi anaweza kuletwa na simu hadi karibu kabisa na nukta, akajikuta ng'ambo ya mto usio na daraja. Ramani huchora barabara ya udongo kwa mstari uleule mwezi wa Januari na mwezi wa Mei.

Hapa ndipo wengine huniuliza kama ninataka turudi kwenye mivule. La, hasha. Anwani tulizo nazo zilikuwa duni tangu hapo: S.L.P. fulani, 30200 Kitale, au 50200 Bungoma, humpeleka mtu kwenye jengo la posta na si kwa mwenye barua. Mashine imeziba pengo la kweli. Ninachokikataa ni kuipokea kama mvua, kana kwamba hatuna la kuongeza.

Na tunalo la kuongeza, kuanzia majina. Katika programu moja ya ramani nimesikia sauti ikisoma Sang'alo kana kwamba inaimbwa, "san-ga-lo". Mwalimu hukata alama mwanafunzi akiandika "ngombe". Kwa nini tuiachie ramani ile ritifaa? Misikhu nayo husomwa "Misiku", ingawa kh ya Lubukusu ni sauti ambayo Mswahili wa pwani aliyezoea kutamka "kheri" haimshindi. Wapo watakaosema haya ni madogo. Waliobadili Broderick Falls kuwa Webuye, na Hoey's Bridge kuwa Moi's Bridge, hawakuyaona majina kuwa madogo.

Udhuru kwamba Kiswahili hakijaingia humo nao umekwisha. Mwaka 2018 Google iliongeza Kiswahili miongoni mwa lugha 39 mpya za ramani zake. Nawauliza walimu wenzangu: ni wangapi kati yetu tumeibadili lugha ya simu? Tunafundisha fasihi kwa Kiswahili hadi saa kumi, kisha tunaelekezwa nyumbani kwa Kiingereza. Nasi ndio wenye lugha iliyotoa usukani jahazini na kuutia garini, iliyotaja pande za dunia kwa pepo zake, kaskazi na kusi, karne nyingi kabla ya setilaiti.

Tangu mwaka 2004 ipo ramani ya OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, mtaa ambao katika ramani nyingi ulikuwa doa tupu, walitembea na vifaa vya GPS wakajichorea vichochoro, vyoo na zahanati zao. Wanafunzi wetu wa jiografia hufunzwa kusoma ramani ya 1:50,000 na kutaja mahali kwa tarakimu sita. Hawakosi ujuzi. Darasa moja la Kiminini, likiwa na simu mbili na likizo ya Agosti, linaweza kuandika vivuko vyote vya kata yake, kwa majina wanayoyatumia wenyeji na kwa tahajia sahihi, na kuonyesha kipi hufunikwa na maji masika.

Mamlaka ya Mawasiliano imekuwa ikizungumzia mfumo wa kitaifa wa anwani kwa miaka mingi. Kazi hiyo ikifika Trans Nzoia na Bungoma, kutakuwa na orodha ya majina ya barabara na vijiji, na atakuwapo mtu wa kuihakiki kabla vibao havijapigwa rangi. Kaunti zote mbili zina walimu wa Lubukusu, Kisabaot na Kiswahili. Sijasikia bado kwamba kuna aliyewaita.