Mpagazi Naye Awekwe Mezani

Sanaa ya kuunda vifaru, mizinga na askari wadogo, na kuwapanga juu ya ubao uliotiwa mchanga na majani hata mtazamaji akaona mbele yake vita kamili, ni sanaa yenye heshima ambayo watu wa nchi nyingi huitumikia kwa subira kubwa. Wala sioni sababu isitie mizizi kwetu, Janga na Kisarawe, mahali ambapo watoto huunda magari kwa waya, makopo na soli za kandambili, na ambapo mafundi wa Kizaramo walichonga mwana hiti, kile kisanamu cha mti apewacho mwali akiwa ndani, kwa ustadi ambao leo waonekana hata katika makumbusho ya Ulaya. Illa naitakia sanaa hii sharti moja, nalo ni kwamba mwenye kuunda vita asiwaache nje ya ubao watu waliovibeba.

Yafaa kwanza tukielewe kipimo. Wapenzi wa sanaa hii aghalabu hufuata kipimo cha moja kwa thelathini na tano, maana yake kila sentimita 35 za kitu halisi hugeuka sentimita 1 mezani, na mtu wa kimo cha sentimita 175 husimama sentimita 5 tu. Kipimo hicho hakikutungwa na maulamaa wa vita: mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani iliunda mfano wa kifaru cha Kijerumani, Panther, chenye mota ndani yake, na ukubwa wa betri zilizopaswa kuingia tumboni mwake ndio ulioamua ukubwa wa kifaru chenyewe, wengine wakafuata, na ada ikawa kanuni. Tangu hapo maboksi yauzwayo duniani yamejaa vifaru, magari ya deraya na watu wenye bunduki, maadamu ndivyo wanunuzi wapendavyo, na anayejifunza vita kwa maboksi hayo ana udhuru akidhani kuwa vita ni chuma kiendacho chenyewe.

Sasa na tukitwae kipimo hicho hicho tukipeleke katika Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopita juu ya ardhi yetu. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ilishindwa na meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Lakini mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu katika karakana, kisha ikarudi vitani nchi kavu. Baina ya delta ile na bandari ile iko nchi ya Uzaramo, na mizinga ile haikupita humo kwa reli wala kwa injini, bali ilivutwa kwa kamba na mikono ya mamia ya watu. Mtutu wa mzinga mmoja una mita 4.2, ambazo mezani ni sentimita 12. Dawati la mwanafunzi lautosha. Lakini tuseme wapagazi 400 wanaufuata katika njia nyembamba ya msitu, mmoja nyuma ya mwenziwe kwa nafasi ya mita moja na nusu: safu yao ni mita 600, na mezani ni mita 17, safu itakayotoboa ukuta wa darasa na kuingia darasa la pili. Hesabu hii ndogo yatosha kutuonyesha ni nani aliyekuwa mwingi katika vita vile, na ni nani ambaye ni rahisi kumsahau kwa sababu tu meza haimtoshi.

Wala wingi huo haukuwa ziada. Mbung'o waliangamiza farasi, nyumbu na ng'ombe. Waingereza walileta malori, na hata magari ya deraya ya Rolls-Royce, lakini masika ya 1916 yaligeuza njia kuwa tope na kuyakwamisha. Kilichobaki, kwa Mjerumani na kwa Mwingereza, ni kichwa cha mwanadamu na ngata juu yake. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha takriban wapagazi milioni moja, wengi wao kwa kushurutishwa, na daftari zao wenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000, ilhali wanahistoria wa baadaye wanakisia kuwa waliokufa walikaribia 100,000, wengi zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya kuchezea, na kwamba sanamu za udongo hazimdhulumu mtu. Hao na wakumbuke kisa cha William Siborne, ofisa wa Kiingereza aliyeunda vita vya Waterloo kwa sanamu ndogo zaidi ya 70,000 na kuvionyesha London mwaka 1838. Siborne aliwauliza walioshuhudia, akayapanga majeshi ya Waprusi, washirika wa Waingereza, mahali alipoamini kuwa walikuwa. Duke wa Wellington, jemadari wa Waingereza katika vita hivyo, na wafuasi wake wakachukia kuona Waprusi wamepewa sehemu kubwa ya ushindi, na mwishowe maelfu ya Waprusi wakaondolewa ubaoni. Ikiwa mtukufu kama yule alijali mahali pa sanamu zisizopita urefu wa ukucha, basi ni dhahiri kuwa ubao wa vita ni ushahidi, na ushahidi una haki na batili yake.

Ushahidi wa shaba tunao karibu. Katikati ya Dar es Salaam, mahali iliposimama kabla yake sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, amesimama tangu 1927 askari mmoja na bunduki yake. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Nairobi, katika ukumbusho wa vita hivyo hivyo, mpagazi amesimama pamoja na wenye silaha. Sisi tumempa maneno, wenzetu wamemsimamisha.

Hali kadhalika vita vya Kagera. Alipotangaza Mwalimu Nyerere, tarehe 2 Novemba 1978, kuwa nchi itampiga Idi Amin, majeshi hayakufika mpakani kwa vifaru tu. Serikali ilitwaa malori na mabasi ya raia, na mgambo wakapanda magari yaliyozoea kubeba pamba na abiria, hata Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Kifaru cha Kichina cha aina ya 59, kilichotumika katika vita vile, chaweza kununuliwa kikiwa katika boksi. Lori la raia na dereva wake yabidi mtu aviunde kwa mkono wake, na hapo ndipo mafundi wetu wadogo wa waya na makopo walipo na elimu isiyouzwa dukani.

Naijua hofu ya wazazi kwamba mtoto achezaye na mizinga atapenda vita. Hofu hiyo ina insafu kwa ubao wenye mizinga mitupu, kwa kuwa ubao wa namna hiyo huonyesha utukufu na kuficha gharama; lakini mtoto aliyefinyanga kwa vidole vyake mtu aliyeinama chini ya mzigo wa kilo 25, akamtia mbavu na nyayo zilizochubuka, hana budi kuuliza mtu huyo alikula nini na alizikwa wapi, na swali hilo ni mwanzo wa kuchukia vita.

Kwa hiyo nawasihi walimu wakuu wa shule za Janga na Kisarawe, na wakubwa wa Makumbusho ya Taifa walio mwendo mfupi tu kutoka kwetu, washirikiane katika jambo lisilohitaji fedha nyingi: mwanafunzi mmoja aunde mzinga wa Königsberg kwa kipimo halali, na wenziwe 400 kila mmoja afinyange mpagazi wake kwa udongo wa mfinyanzi, kisha safu nzima ya mita 17 ipangwe mahali pa wazi ambapo wazazi wataipita kwa miguu toka mwanzo hadi mwisho. Meza isipotosha, meza na iongezwe, asipunguzwe mtu.