MWILI PEKE YAKE HAUTOSHI

Naomba nafasi niwajibu wale wasemao kwamba mwili wenye nguvu hauhitaji chanjo. Maneno hayo niliyasikia sana huku Kaptembwa mwezi wa Julai 2025, wakati watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 walipokuwa wakichanjwa dhidi ya homa ya matumbo. Jirani mmoja aliwafungia wanawe nyumbani, eti wanakula ugali na sukuma wiki, sindano ya nini?

Ni kweli mwili una askari. Chembechembe nyeupe za damu zina vipokezi vinavyompapasa bakteria kama bawabu anavyompapasa mgeni langoni. Mwaka 2011 Bruce Beutler na Jules Hoffmann walipata Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi wao kuhusu vipokezi hivyo. Beutler alichunguza panya, akaona kwamba kuna kipokezi kinachotambua mafuta yaliyo kwenye ngozi ya nje ya bakteria wengi. Kikiyagusa tu, kengele inalia, na askari wengine wanakuja mbio.

Lakini huyu wa homa ya matumbo ni mjanja, jamani! Hujifunika koti la sukari liitwalo Vi. Mafuta yanafichika, na bawabu anampitisha bila kelele nyingi. Ugali utafanya nini hapo?

Chanjo huufundisha mwili kulitambua koti lenyewe. Sukari hiyo huunganishwa na protini ya pepopunda, kwani ikiwa peke yake miili ya watoto wadogo haiitilii maanani. Kule Blantyre, Malawi, watoto zaidi ya 28,000 walishiriki katika utafiti ulioanza 2018, na chanjo ikazuia kama asilimia 80 ya ugonjwa.

Wengine hujibu, "Dawa si ziko kwa kemisti?" Haya. Mtu akiumwa kichwa anaambiwa ni taifodi, ananunua vidonge vya siku mbili, akipata nafuu anaacha. Wale bakteria sugu ndio wanaobaki.

Langu ni moja tu. Chanjo hii inafaa hata kwa watu wazima wa miaka 45, lakini mimi nilikuwa na miaka 15, nikaachwa nje. Mdogo wangu alichanjwa. Maji tunayouziwa kwa mkokoteni tunakunywa wote wawili, tena kutoka mtungi mmoja. Serikali itufikirie na sisi wa sekondari.